Chuo, matamasha na gemu: maswali ninayoulizwa kila mara

Ninasoma takwimu, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Nikitoka darasani napenda kusimama mbele ya jukwaa msanii anapopanda, na napenda kushika pedi ya PlayStation. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, jamaa wa nyumbani Tanga, hata dada mmoja anayeniuzia vocha, wameniuliza mambo haya mara nyingi mpaka nikaona niyaandike mahali pamoja. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Yaliyo marefu yanahusu pesa, usalama, au mtu ninayempenda.

Siku yako ya kawaida ikoje?

Naamka saa kumi na moja na nusu, kabla foleni ya bafuni haijawa ndefu. Chai na chapati mbili nanunua kwa mama lishe nyuma ya hosteli. Vipindi vinaanza saa mbili, na nina siku mbili katika wiki ambazo sitoki darasani hadi saa nane mchana. Mchana wali maharage na mchicha. Jioni tunakutana watu watano kupiga maswali, na umeme ukiwepo tunamaliza saa tatu.

Juu ya kitanda changu nimebandika ratiba. Vipindi nimeviandika kwa kalamu ya bluu, muda wa kujisomea kwa nyeusi, na kwa kijani nimeandika gemu na matamasha. Wageni wakiingia chumbani huuliza kama hiyo kijani ni utani. Si utani. Mwaka wa kwanza raha zangu hazikuwa na saa, basi zikawa zinajiibia: dakika kumi kabla ya kipindi, saa mbili nzima baada ya kula, usiku wa kuamkia jaribio. Tangu nizipe saa yake, Jumatano jioni na Jumamosi mchana, najua zinapoanzia na zinapokoma, na nikicheza nacheza bila moyo kunisuta.

Bumu likiingia unaligawaje hadi ibaki ya tiketi?

Kwa asiyejua, bumu ni fedha ya kujikimu ambayo Bodi ya Mikopo huwapa wanafunzi wanufaika. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Tatizo ni kwamba haiji kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, ya miezi miwili hivi, na mtu aliyelala na mia tatu mfukoni anaamka na laki sita. Jioni hiyo hata harufu ya hosteli hubadilika, kila korido ni chipsi kuku.

Mimi siku hiyohiyo nakaa na daftari. Chakula 5,500 kwa siku, siku sitini, ni 330,000. Chumba, fotokopi, bando, sabuni na nauli natenga 150,000. Shilingi 60,000 naziweka pembeni kwa ajili ya homa, simu kuharibika au safari ya ghafla ya msiba. Zinabaki 60,000, yaani shilingi elfu moja kwa siku, na hizo ndizo za kalamu ya kijani. Zinanitosha tiketi moja ya kawaida, mchango wangu wa usafiri wa kurudi usiku, na kibanda cha gemu kwa shilingi 3,000 kila wiki. Zikiisha, zimeisha. Sikopi kwa ajili ya tamasha, na wala simkopeshi mtu kwa ajili ya tamasha.

Nilijifunza kwa kuumia. Mwaka wa kwanza nilinunua tiketi ya VIP ya shilingi 50,000 na gauni jipya juu yake. Siku tisa kabla ya bumu lililofuata sikuwa na kitu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akinunua sahani moja ya ugali, kisha anamwomba mama lishe kijiko cha pili. Siku tisa, sahani moja, vijiko viwili, na hakunisema hata mara moja. Sahani ile naiona mpaka leo kila ninapoulizwa swali linalofuata.

Kawaida au VIP?

Kawaida. VIP unapata kiti na nafasi ya kupumua, lakini tamasha lenyewe liko kwa waliosimama. Kama ni uwanja wa wazi, mfano viwanja vya Leaders pale Kinondoni, usikimbilie mbele kabisa ambako spika zinakupiga kifuani na husikii maneno. Tafuta meza ya fundi sauti, mara nyingi iko katikati ya uwanja, imezungushiwa uzio. Simama jirani naye. Yeye anarekebisha sauti kwa kadiri anavyoisikia pale alipo, kwa hiyo pale ndipo besi, gitaa na sauti ya mwimbaji vinakaa sawa.

Nitaijuaje tiketi feki?

Mimi sikuijua. Nilimtumia pesa mtu kwenye grupu la WhatsApp aliyedai ana dharura na anauza tiketi yake kwa bei ya chini. Alinirushia picha yenye msimbo, nzuri tu. Langoni kijana aliyeshika mashine akaisoma, ikaonyesha imeshatumika. Kumbe aliwauzia picha ileile watu wengi, na aliyefika wa kwanza ndiye aliyeingia. Nilikaa nje nikisikiliza mashabiki wakiitikia kibwagizo ambacho nilikuwa nimekisubiri miezi minne.

Sasa nanunua kwa wale tu ambao waandaaji wenyewe wamewatangaza. Unapolipa kwa simu, kabla hujaingiza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye kioo. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya la kampuni, acha hapohapo. Tiketi yako ukishaipata usiiweke kwenye stetasi kwa furaha. Yeyote anaweza kuipiga picha na kuitumia kabla yako. Na usisubiri mlangoni, bei hupanda siku yenyewe na walanguzi huwa wengi.

Bango limeandika saa kumi na mbili jioni. Niende saa ngapi kweli?

Kama unamfuata mkubwa peke yake, anaweza kupanda saa saba usiku, au hata saa tisa. Kabla yake kuna madijei, washereheshaji, matangazo ya wadhamini na wasanii chipukizi. Lakini mimi naenda saa moja, nakusihi nawe uende. Chipukizi wanaimba kwa ajili ya watu hamsini waliosambaa kwenye uwanja wa maelfu, na wanajitoa utadhani uwanja umefurika. Nimewahi kuwaona wawili saa moja jioni ambao mwaka uliofuata walipanda saa sita usiku.

Nivae nini, nibebe nini?

Raba. Suruali yenye mfuko wa zipu. Kitambaa cha kufunika pua, kwa sababu watu elfu wakiruka pamoja kwenye uwanja wa udongo hamtaonana kwa vumbi. Simu iliyojaa chaji, pesa kidogo, kitambulisho cha chuo. Mkoba mkubwa uache hosteli.

Kwa nini unang'ang'ania bendi? Si msanii yuleyule hata akiimba juu ya CD?

Ni yuleyule ila si wimbo uleule. Akiimba juu ya CD, wimbo umeshamalizika studio na yeye anaufuata. Akiwa na bendi anaweza kuwanyamazisha wote, akabaki na gitaa moja, akarudia ubeti mara tatu kwa sababu ameona mmelia. Siwalaumu wanaotumia CD. Bendi ni gharama: mazoezi, malazi, nauli za watu kumi. Fiesta, au Wasafi Festival iliyoanzia Mtwara Novemba 2018, hayo ni matamasha ya kuzunguka mikoa, usiku wa leo mji huu, wiki ijayo mji mwingine. Kijana mwenye nyimbo mbili zilizovuma hawezi kubeba mpiga ngoma na kinanda umbali huo. Ila msanii mkubwa anayejaza uwanja, akichukua pesa yetu na kutikisa midomo juu ya sauti yake mwenyewe, hapo nadhani ametupunja.

Tamasha gani lilikugusa kuliko yote?

Sauti za Busara, Zanzibar. Hufanyika mwezi wa Februari tangu 2004, Mji Mkongwe, na jukwaa kubwa huwa ndani ya Ngome Kongwe, ngome ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwatimua Wareno. Sharti lao ni muziki mubashara, hakuna CD. Nilichanga kwa miezi sita. Nilipanda boti asubuhi, takriban saa mbili majini, nikafikia kwa shangazi Michenzani ili nisilipe gesti.

Usiku wa kwanza nilikaa chini kwenye majani, mgongo wangu ukiwa karibu kugusa ukuta wa ngome. Ukuta ule wa mawe ya matumbawe unahifadhi joto la mchana. Saa nne usiku ulikuwa bado na uvuguvugu kama mtu. Mzee mmoja akatoka na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, akaiweka magotini. Kabla hajaanza kupiga alitumia muda mrefu, labda dakika tano, kukaza nyuzi moja moja, sikio ameliinamisha. Hakuna aliyezomea. Hakuna mdhamini aliyetangazwa. Watu mia kadhaa walinyamaza wakamsubiri mzee akaze nyuzi zake. Hapa Dar sijawahi kuona umati unaosubiri hivyo, na nilitamani kila rafiki yangu angekuwepo.

Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Nawakumbusha hili wanaoniambia watakwenda siku moja. Wazanzibari na Watanzania wengine tunalipa kiingilio cha chini sana kuliko wageni wa nje. Changa mapema, nenda.

Wewe ni msichana. Unarudije usiku?

Hili lisome polepole, hasa wewe mdogo wangu wa mwaka wa kwanza.

Hatuendi chini ya wanne, na tuliokwenda pamoja tunarudi pamoja. Hakuna "nyie tangulieni, nitakuja na fulani". Usafiri wa kurudi tunaupanga mchana: mara nyingi ni bajaji ya kaka tunayemfahamu, tunampa nusu ya pesa kabla na nusu tukifika. Saa hizo mwendokasi umeshasimama na daladala ni za kubahatisha. Kinywaji tunanunua kilichozibwa, tunafungua wenyewe, ukikiweka chini ukageuka basi hicho si chako tena.

Tukifika tu, kabla hata ya kutafuta nafasi, tunachagua mahali pa kukutania. Watu wengi hudhani simu inatosha. Mwaka jana mmoja wetu alisukumwa na wimbi la watu mbali nasi. Tulipiga simu, mtandao haukushika, maana maelfu ya watu walikuwa wakirusha video kwa pamoja. Tulimkuta chini ya mnazi tuliokuwa tumeuchagua saa moja jioni, amekumbatia magoti, kiatu kimoja hana. Alikuwa amekaa pale dakika arobaini bila kusogea, kwa sababu tuliambizana usisogee.

Umati ukianza kubana, usishindane nao na usiiname kuokota kitu. Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi ya kupanuka, kisha ukiona umelegea kidogo sogea kimshazari kuelekea pembeni, siyo kinyume na watu. Ukiona mbele hakusogei na nyuma wanazidi kuingia, ondoka wakati bado unaweza, hata kama wimbo unaoupenda ndiyo kwanza umeanza.

Haya, gemu. Unacheza gemu gani, na kwenye nini?

Mpira wa miguu, karibu muda wote. Sina PlayStation yangu. Nacheza kibandani, na kwenye simu nikiwa na bando. Kibandani bado tunasema PES na FIFA ingawa majina yameshabadilika: Konami waliigeuza PES kuwa eFootball mwaka 2021, na EA wakaachana na jina la FIFA mwaka 2023. Wapo vijana hodari wanaoziingizia gemu za zamani jezi za Simba na Yanga, na ukicheza dabi kwenye mashine ya namna hiyo kelele zinafika barabarani.

Kibanda changu ni chumba kimoja Mabibo, televisheni nne, benchi la mbao, feni moja inayogeuka kwa tabu. Mechi ni shilingi 300 kwenye mashine za zamani na 500 kwenye PS4. Aliyefungwa anaachia pedi, mshindi anabaki. Pedi ya tatu kutoka mlangoni mpira wa kijiti chake cha kushoto umeisha, imebaki plastiki tupu iliyong'aa kwa vidole gumba vya watu, na wenyeji tunajua ukiishika hiyo wachezaji wako watavutwa kidogo kuelekea kulia. Mgeni haambiwi hadi afungwe mara moja. Mimi huwa nawaambia.

Ushauri mmoja kwa anayeanza: achia kitufe cha kukimbia. Wanaoanza wote hukikandamiza mwanzo hadi mwisho wa mechi, mpira unawatoka mguuni mita tatu mbele, beki anauokota. Tembea na mpira, geuka, kimbia pale tu unapoona uwazi.

Kibandani wanakuchukuliaje, ukiwa msichana?

Siku ya kwanza mwenye kibanda aliniuliza, "Dada, unamtafuta nani?" Nikamwambia natafuta pedi. Benchi zima likageuka. Nililipa, nikakaa, nikafungwa nne bila, huku mtu nyuma yangu akitangaza kila goli kama yuko redioni. Nikaachia pedi kama sheria inavyosema. Ningeweza kuondoka. Nikaenda mwisho wa foleni.

Nilikuwa nimejifunza kwa kaka yangu Tanga, kwenye PlayStation 2, tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo sikuwa mgeni wa mchezo. Nilikuwa mgeni wa macho yale. Kuna maneno niliyosemwa wiki za mwanzo ambayo siyaandiki hapa, na yaliniumiza. Mwezi wa pili nilikaa kwenye pedi mechi sita mfululizo. Siku hiyo hakuna aliyetangaza. Yule wa sita, mvulana wa kidato cha nne, aliniachia pedi yake akasema, "Sista, nifundishe ile kona." Nilimfundisha. Baada ya wiki mbili alikuja na dada yake mwenye miaka kumi na mitatu, akamkalisha kando yangu.

Sasa wananiita Takwimu. Natamani kila kibanda kiwe na benchi ambalo msichana anaweza kukaa bila kuulizwa amemfuata nani. Wenye vibanda, mnaweza kulitengeneza hilo kwa neno moja tu mkikemea mara ya kwanza.

Gemu za simu zinakula bando kiasi gani?

Mechi yenyewe hula kidogo. Kinachomaliza bando ni masasisho. Moja kubwa linaweza kumeza zaidi ya GB moja. Zima usasishaji wa kujiendesha, kisha pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, usiku sana au asubuhi na mapema wakati watu wachache wameingia.

Na ukiona mchezo unagandaganda usiitupe simu. Seva za gemu nyingi ziko nje ya nchi, amri ya kidole chako inasafiri mbali na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ilipotokea kwenye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom, intaneti ilidorora Tanzania na kwa majirani zetu pia. Gemu za mtandaoni zikawa hazichezeki. Kibanda chetu kilijaa siku zile mpaka watu wakasimama dirishani, kwa sababu mashine ya kibandani haiombi intaneti.

Je, gemu haziharibu masomo? Sema ukweli.

Ukweli ni kwamba nilipata sapu moja, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Nilikuwa nikicheza kwenye simu kila usiku hadi saa nane, chini ya shuka, mwangaza nimeupunguza ili mwenzangu asiamke. Mtihani ulikuwa na maswali manne na nilijua moja. Gemu haikunishika mkono kwa nguvu, nilikuwa naikimbilia kwa sababu somo lilikuwa limenishinda tangu wiki ya tatu na niliona aibu kumwambia mtu. Likizo nilibaki Dar kurudia mtihani wakati wenzangu wako kwao.

Shirika la Afya Duniani limeutaja uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake hazihesabiwi kwa saa unazocheza. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kama unaendelea hata unapoona inakuharibia, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima au zaidi. Ukijiona humo, zungumza na mshauri wa wanafunzi. Mimi sikuwa nimefika huko, ila nilikuwa njiani.

Siku hizi wiki tatu kabla ya mitihani naifuta gemu kwenye simu na kibandani siendi. Mwenye kibanda anajua. Akiniona napita huninyooshea kidole cha onyo, nami nampungia mkono.

Kuna pesa kwenye gemu?

Kwa wachache. Sylvia Gathoni wa Kenya, ambaye wachezaji wanamfahamu kwa jina la Queen Arrow, alicheza Tekken kwenye mashindano ya kimataifa huku akisomea sheria chuoni. Namheshimu sana, na kila ninapomtazama naona kwanza mazoezi. Kwa wengi wetu pesa iko pembeni ya mchezo: kutengeneza pedi, kuendesha kibanda, kuchora, kuandika programu. Ila kuweka dau kibandani, mechi kwa mechi, sikushauri hata kidogo. Nimeona nauli za kurudi nyumbani zikiishia pale.

Muziki na gemu vinakutana wapi?

Swali hili nalipenda. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, ya Marekani, na wimbo wake wa kufungulia umeimbwa kwa Kiswahili. Unaitwa Baba Yetu, maneno yake ni Sala ya Bwana, na muziki aliutunga Christopher Tin. Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Nilipoupiga chumbani, mwenzangu, ambaye ni Mkristo, aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu akasema, "Hiyo si sala yetu?" Tuliurudia mpaka mlango wa pili wakagonga ukutani.

Kisha kuna matamasha ndani ya gemu. Travis Scott alipotumbuiza ndani ya Fortnite Aprili 2020, wakati dunia imejifungia kwa sababu ya corona, wachezaji milioni 12.3 waliingia kwa wakati mmoja kwenye onyesho la kwanza. Nimetazama video yake, ni kazi kubwa. Lakini nikichagua, nachagua uwanja wenye vumbi.

Nyumbani wanajua?

Wanajua yote, pamoja na sapu. Mama alikasirika kwa ajili ya sapu, na alikuwa na haki. Mwezi wa Ramadhani siendi tamasha, hilo sikuhitaji kuambiwa. Aliyenishangaza ni bibi.

Nilikuwa likizo Tanga. Nilimsalimu, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, kaa hapa," kisha bila kuzunguka akaniuliza huko kwenye mambo yenu mnavaa nini. Nikamwonyesha video kwenye simu. Akaitazama kwa makini sana, ameishika kwa mikono miwili. Ndipo akanisimulia kwamba ujanani alikuwa akienda kuwasikiliza Black Star, taarabu ya palepale Tanga. Wanakwenda marafiki saba wamevaa sare ya khanga, noti zimekunjwa kiganjani. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda taratibu mpaka kwa mwimbaji, unamtunza, unarudi kukaa. Kila mtu amekuona, na anayehusika na ubeti huo anajijua.

"Nanyi huko mnatunza?" akauliza.

"Hatutunzi bibi. Tunalipa langoni."

Akafikiri. "Sasa msanii atajuaje wimbo wake umekuingia?"

Nilimwambia tunapiga kelele, tunawasha taa za simu. Hakuridhika, niliona.

Tamasha lililofuata nilifika saa moja kama kawaida yangu. Alipanda msichana chipukizi, hajulikani, anatetemeka kidogo, hana bendi, gitaa lake tu. Tulikuwa watu wachache, nusu yao wamempa mgongo. Ubeti wa pili ulizungumzia kumficha mama yako kwamba umefeli. Nikaikunja noti ya shilingi 2,000, nikatembea mpaka chini ya jukwaa, nikanyoosha mkono. Mlinzi alinitazama bila kuelewa. Yule msichana aliacha kupiga kwa sekunde moja, akainama, akaipokea kwa mikono miwili, kisha akauanza ubeti ule upya, na safari hii hakutetemeka.

Asubuhi nilimpigia bibi kabla hata sijanywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu:

"Alikutazama?"

"Alinitazama, bibi."